Oulanka: mto mdogo wa nchi mbili

MPENZI msomaji, Jumapili hii tunawaomba wazazi waiteremshe atlasi kutoka kabatini na kuwaita watoto mezani. Fungueni ramani ya Ulaya mkaitafute nchi ya Ufini, ile iliyokaa katikati ya Uswidi na Urusi. Sasa pandisheni kidole kuelekea kaskazini hadi mguse mstari wa vitone ambao wanafunzi huufahamu kama Duara la Aktiki, kisha mkisogeze kidole hicho upande wa mashariki hadi kwenye mpaka wa Urusi. Ikiwa atlasi yenu ni ya shule ya msingi, huenda hapo msione chochote ila rangi ya kijani. Lakini ndani ya kijani hicho mna mto uitwao Oulanka, na huo ndio mgeni wetu wa leo.

Oulanka si mto wa kutisha. Urefu wake wote ni kilomita 135 hivi. Tana yetu, ambayo ina takriban kilomita 1,000, ingeumeza mara saba na nafasi ikabaki. Hauna meli, hauna jiji kubwa kandoni mwake, wala haujapata kuimbwa kama Nile. Hata hivyo, mto huu mdogo una karibu kila kitu ambacho mwalimu wa jiografia huchora ubaoni: chanzo chenye kinamasi, korongo, maporomoko, mapindo na ziwa refu lenye kina kirefu. Zaidi ya hayo, unatukumbusha jambo ambalo wengi wetu husahau. Mto ni kitu kimoja tangu chemchemi yake hadi baharini, hata binadamu wakiugawa vipande kama wanavyogawa shamba la urithi.

KIGONGO KINACHOGAWA MAJI

Safari ya Oulanka huanzia katika vinamasi vya eneo la Salla. Msomaji asifikirie kilele chenye theluji kama cha Mlima Kenya. Nchi ya huko ni ya vilima vya mviringo, misitu ya misonobari isiyo na mwisho, na nyanda zenye majimaji. Udongo wa vinamasi hivyo ni mabaki ya mimea ya miaka na mikaka ambayo baridi haikuiacha ioze ikaisha. Maji yanapochujika humo hutoka na rangi ya kahawia, mfano wa chai ya strungi iliyotiwa majani machache.

Karibu na hapo pamepita kigongo cha ardhi kiitwacho Maanselkä. Kwa macho si kitu cha kumstaajabisha mtu, lakini kazi yake ni kubwa. Mvua inayonyesha upande wake wa magharibi huingia katika mito kama vile Kemijoki, ikashuka hadi Ghuba ya Bothnia na Bahari ya Baltiki. Mvua inayonyesha upande wa mashariki huingia Oulanka na kwenda zake Urusi, hadi Bahari Nyeupe ambayo ni tawi la Bahari ya Aktiki. Matone mawili yaliyotoka katika wingu moja yanaweza kuagana juu ya kigongo hicho yasionane tena.

Wakazi wa Nyandarua hawatashangaa. Wao wanajua kwamba mvua ya upande mmoja wa Aberdare huingia Mto Malewa na kuishia katika Ziwa Naivasha, ilhali ile ya upande wa pili huifuata Tana hadi Bahari Hindi. Mto haufuati bendera ya nchi wala matakwa ya serikali. Unafuata mteremko.

KAZI YA BARAFU

Yapata miaka 10,000 iliyopita, nchi yote hiyo ilikuwa ikitoka chini ya barafu nene. Barafu ilipoyeyuka, mito yenye nguvu kuliko Oulanka wa leo ilipita katika mabonde hayo ikibeba mawe, kokoto na mchanga. Ilipopungua nguvu, mizigo hiyo ikabaki. Oulanka wa sasa ni kama kijana aliyerithi nyumba kubwa ya babu: anaishi ndani ya bonde ambalo hakulichimba peke yake.

Katika sehemu yake ya juu mto hupita ndani ya korongo lenye kuta za mawe. Ukishuka zaidi unafika Kiutaköngäs, maporomoko yanayojulikana kuliko yote ya mto huu. Hayaanguki kwa mara moja kama yale ya Thomson pale Nyahururu. Huteremka kwa ngazi ngazi, kiasi cha mita 14 katika mwendo wa karibu mita 600, yakipiga kelele na kutoa povu katikati ya magenge mekundu.

Miongoni mwa miamba ya hapo mna mawe ya jamii ya chokaa, na hiyo ni bahati kubwa kwa mimea. Misitu mingi ya kaskazini ina udongo mchachu ambao maua mengi hayaupendi. Chokaa huupunguza uchachu huo. Ndiyo maana kandokando ya Oulanka huota okidi ndogo ya rangi ya waridi ambayo Wafini huiita kiatu cha mwanamwali. Huchanua mwanzoni mwa kiangazi, kwa muda mfupi, na imefanywa kuwa nembo ya mbuga ya taifa ya Oulanka.

Baada ya maporomoko hayo tabia ya mto hubadilika. Bonde linapanuka, mteremko unapungua, na chini ni ule mchanga ulioachwa na maji ya barafu. Hapo mto huanza kupindapinda kama nyoka. Wanafunzi, kumbukeni sababu yake: maji yaliyo upande wa nje wa kona huenda kasi na kuimega kingo, na yale ya upande wa ndani huenda polepole na kuangusha mchanga. Kona inazidi kujikunja mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja mafuriko yanakata njia ya mkato, na ile kona ya zamani inabaki peke yake ikiwa kiziwa chenye umbo la kwato. Viziwa vya namna hiyo viko pia kwetu katika sehemu za chini za Tana.

Kingo hizo za mchanga ziliwahi kulisha watu. Eneo hilo zamani lilikuwa la Wasami, waliotegemea uvuvi na uwindaji. Mwishoni mwa karne ya 17 walianza kuingia wakulima wa Kifini. Katika nchi ambayo majira ya baridi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, anayefuga ng'ombe lazima aweke akiba ya majani makavu. Mafuriko ya kila mwaka yalirutubisha nyasi za kandokando ya mto, na familia zilikuja kila kiangazi kufyeka, kukausha na kuzihifadhi katika vibanda vya magogo.

MTO WENYE NYUSO MBILI

Anayeutembelea Oulanka mwezi Januari na anayeutembelea mwezi Mei wanaweza kubishana kama wameuona mto mmoja. Mwezi Disemba jua huchungulia kwa saa chache tu, kisha likarudi kulala. Baridi hushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri na zaidi. Mto hufunikwa na barafu na theluji juu yake, na mtu huweza kuuvuka kwa miguu.

Hata hivyo, mahali penye maporomoko maji hukataa kuganda. Huko hukimbilia ndege mmoja mdogo mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye hujitosa ndani ya maji hayo ya baridi, akatembea chini akiokota wadudu, kisha akaibuka na kutua juu ya kipande cha barafu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwezi Mei theluji ya msimu mzima huyeyuka kwa majuma machache. Vinamasi haviwezi kuyashika maji yote hayo kwa pamoja. Mto hufura, barafu hupasuka kwa kishindo, na mchanga huhama kutoka kingo moja hadi nyingine. Sisi tumezoea mafuriko yanayoletwa na mvua ya masika. Huko mafuriko huletwa na joto la jua. Ifikapo Juni maji yametulia, nako usiku wa manane bado kuna mwangaza wa kumwezesha mtu kusoma gazeti nje ya nyumba.

UMEME AU MAPOROMOKO?

Karibu na mpaka, Oulanka hupokea mgeni kutoka upande wa kusini, Mto Kitka. Maji ya Kitka ni mangavu kwa kuwa hutoka katika maziwa makubwa ambako uchafu hupata nafasi ya kutua chini. Njiani mto huo huruka maporomoko ya Jyrävä, yenye kimo cha mita 9 hivi, ambayo samaki hawezi kuyapanda.

Wenyeji wana masihara yao kuhusu jambo hilo. Katika maziwa ya Kitka mna samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye humwita "mwerevu wa Kitka". Kisa na maana? Wanasema yeye hugeuka kabla ya maporomoko, maana anajua akishuka ataishia Urusi na hatakuwa na njia ya kurudi.

Lakini maporomoko hayo yaliwahi kuleta mzozo ambao haukuwa wa masihara. Katika miaka ya 1950, Ufini ilikuwa inajijenga upya baada ya vita na ilihitaji umeme. Mito mingi ya kaskazini ilizibwa kwa mabwawa, na mipango ikafika katika maporomoko ya Kuusamo, eneo ambamo Kitka na sehemu kubwa ya Oulanka hupita. Waliounga mkono walikuwa na hoja: eneo lilikuwa maskini, na mradi ungeleta kazi, barabara na taa. Waliopinga waliongozwa na mwandishi wa habari, Reino Rinne, aliyekuwa ameanzisha gazeti la kwao liitwalo Koillissanomat mwaka 1950. Yeye alishikilia kwamba maporomoko yakishanyamazishwa hakuna pesa zitakazoyarudisha. Mabishano hayo hukumbukwa kwa jina la "vita vya maporomoko". Mwishowe mabwawa hayo hayakujengwa.

Je, watu wa Kuusamo walibaki gizani kwa ajili hiyo? La. Leo wageni humiminika huko kutembea katika njia ya miguu iitwayo Mzunguko wa Dubu, yenye kilomita 82, inayopita kando ya mito hiyo na kuivuka kwa madaraja ya kuning'inia. Mbuga ya taifa ya Oulanka ilianzishwa mwaka 1956, wakati mabishano yenyewe yakiwa bado moto. Maporomoko yale yale yaliyokosa kutoa umeme sasa yanawapa watu riziki, ingawa hakuna mtu ambaye angeweza kuwaahidi hivyo wakati ule.

MPAKA ULIKUJA BAADAYE

Baada ya kuungana na Kitka, Oulanka huvuka mpaka na kuingia katika ziwa la Paanajärvi. Ziwa hilo ni jembamba na refu, kiasi cha kilomita 24, limejibana katika ufa wa ardhi katikati ya vilima. Kina chake hufika mita 128, yaani ukilitumbukiza jumba la KICC la Nairobi, lenye urefu wa mita 105, litazama lote na kofia yake.

Jina Paanajärvi ni la Kifini, na lina sababu. Hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ziwa hilo lilikuwa ndani ya Ufini, na wakulima wa Kifini walikuwa wamejenga kando yake. Baada ya vita vya 1939 na 1940 eneo hilo lilikabidhiwa Muungano wa Sovieti. Wafini walilirudia kwa muda mfupi, na mwaka 1944 likawatoka moja kwa moja. Wakazi walihama wakaanza maisha mapya upande wa magharibi wa mpaka. Mto haukuhama. Uliendelea kupeleka maji yale yale kwenye ziwa lile lile, isipokuwa sasa mdomo wake ulikuwa katika nchi nyingine.

Hapa sisi Wakenya tuna undugu kidogo na ziwa hilo. Mwaka 1892 alifika huko mchoraji kijana wa Kifini, ambaye baadaye alijulikana kama Akseli Gallen-Kallela. Alimchora kijana mchungaji wa Paanajärvi, akachora pia maporomoko ya Mäntykoski ambayo maji yake huingia ziwani humo. Picha hizo ziliwafanya Wafini wengi waipende nchi yao ya kaskazini ambayo hawakuwa wameiona kwa macho. Miaka 17 baadaye, mwaka 1909, mchoraji huyo huyo alishuka Nairobi pamoja na mkewe na watoto wao wawili, akakaa nchini hadi mwaka uliofuata, akichora watu, wanyama na nyika zetu. Alirudi kwao na picha zaidi ya 100. Jicho lililotazama Paanajärvi ndilo lililokuja kutazama nyanda za Kenya.

Mwaka 1992, baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika, Urusi ilianzisha mbuga ya taifa ya Paanajärvi, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 1,000 za mraba. Basi mbuga mbili zikawa zimepakana, moja huku na moja huko, na maofisa na watafiti wakaanza kutembeleana. Ujirani huo umepata misukosuko. Mwishoni mwa mwaka 2023, uhusiano ukiwa umeharibika kwa sababu ya vita vya Ukraine, Ufini ilivifunga vituo vyake vya mpaka na Urusi.

Maji yakitoka Paanajärvi hushuka hadi ziwa kubwa la Pyaozero, na kutoka hapo huingia katika Mto Kovda hadi Bahari Nyeupe. Huku chini hakukuwa na Reino Rinne. Katika miaka ya 1950 na 1960 Wasovieti walijenga vituo vitatu vya umeme katika mfumo wa Kovda, na Pyaozero lenyewe likageuzwa kuwa sehemu ya bwawa. Viwanda na nyumba zilipata umeme, na hilo si jambo dogo. Lakini mto ambao huko juu hufura na kupungua kwa amri ya jua, huko chini hupanda na kushuka kwa amri ya anayefungua milango ya bwawa.

SAMAKI MWENYE NYUMBA MBILI

Anayeijua vizuri hali hii yote ni samaki aina ya trauti. Wakazi wa Nyeri na Murang'a wanamfahamu, kwani mwaka 1905 trauti kutoka Uskoti waliletwa na Ewart Grogan na kutiwa katika Mto Gura, na uzao wao umo humo hadi leo.

Trauti wa Oulanka huzaliwa upande wa Ufini. Mama hutaga mayai wakati wa vuli, akiyafukia katika kokoto safi ambazo maji hupita kati yake yakileta hewa. Mayai hukaa humo majira yote ya baridi, chini ya barafu. Vifaranga huishi mtoni kwa miaka kadhaa. Wakishakomaa kidogo huteremka hadi Paanajärvi na Pyaozero, katika nchi ya Urusi, ambako mna samaki wadogo wengi wa kula. Huko hunenepa wakawa wakubwa. Halafu, wakati wa kuzaa unapowadia, hupanda tena mto na kurudi Ufini.

Hebu fikiria maana ya maisha hayo. Ufini ikichafua kokoto za kutagia, wavuvi wa Urusi watakosa samaki. Urusi nayo ikiwavua wote ziwani kabla hawajazaa, mito ya Ufini itakuwa mitupu. Hakuna nchi kati ya hizo mbili inayoweza kujisifu kwamba ina samaki hao peke yake, na hakuna inayoweza kuwaokoa peke yake. Vituo vya mpaka vinaweza kufungwa, wataalamu wakakosa kukutana, lakini trauti hana pasipoti. Kila mwaka atafika mpakani na kuvuka, akitegemea kwamba pande zote mbili zimemtunzia nyumba.

Mpenzi msomaji, kabla hujaifunga atlasi, wape watoto kazi moja. Waitafute Nairobi, kisha waufuate kwa kidole mto unaopita chini ya madaraja ya jiji letu. Wataona unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kisha waulizeni: karatasi ya plastiki iliyotupwa mtaroni leo asubuhi huku mtaani, itakuwa ya nani itakapofika huko kwa wavuvi?

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.